Kijani cha Kipande cha Mwisho

Chumba cha giza kilikuwa mwisho wa ujia wa maabara, baada ya stoo ya chupa tupu na kabla ya choo cha wafanyakazi. Hakikuwa na dirisha. Nyuma ya mlango lilitundikwa pazia zito jeusi, ili hata mtu akiingia kwa pupa, nuru ya nje isiwahi kuiharibu kazi ya aliyemo. Humo ndimo Daktari alimoshinda sehemu kubwa ya siku, akisoma kwa hadubini vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa watu: figo, ini, titi, ngozi. Alizijua figo za watu ambao hakupata kuziona sura zao. Na sura za majirani zake, kama angeulizwa, asingethubutu kuapa kwamba anazijua.

Hadubini yake ilikuwa na vichwa viwili, ili watu wawili waweze kuketi wakielekeana na kutazama kitu kile kile kwa wakati mmoja. Tangu daktari mwenzake alipohamishwa, kichwa cha pili kilikuwa kimevikwa mfuko wa plastiki. Mara mbili hospitali ilitangaza nafasi, na mara zote mbili aliyechaguliwa alikuja, akakitazama chumba kile, akashukuru, akaenda zake. Daktari hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukizoea kimya kiasi cha kukiogopa. Juzi tu, nyumbani kwake, aliitika "Abee" akidhani ameitwa kutoka jikoni, na jikoni hakukuwa na mtu, wala hakujawa na mtu tangu alipomzika mumewe.

Mshonaji alifika siku ya Jumatatu, kwa makosa. Alikuwa mgonjwa wa wodini, ameelekezwa kwenye chumba cha kupimia damu, akakosea ujia, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba vibaya, alipoliona benchi nje ya chumba cha giza aliketi na kukataa kuinuka. Daktari alipotoka alimkuta pale, mwanamke wa makamo aliyevaa ndala za kiume, maana za kwake hazikumtosha tena. Chini ya macho alikuwa na wekundu wa zambarau, kama mtu aliyepigwa. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hapa hawapimi damu, hapa wanatazama nyama.

"Basi wewe ndiwe unayetazama yangu," mshonaji akasema. "Walinichoma sindano mgongoni, wakanyofoa kipande cha figo. Wamekwambia nini?"

Daktari akamjibu kwamba kipande hakijamfikia bado.

Mshonaji akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasimulia kwamba kwa mwaka mzima ameambiwa apunguze chumvi, naye ameipunguza hata mboga zake zimekuwa kama chakula cha mbuzi, na bado miguu inavimba. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Sasa hawezi kuikanyaga. Anakaa mbele yake na kuitazama, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyekosana naye. Aliposimama alimshika Daktari mkono.

"Wengine wote wananitazama usoni na kusema sina kitu. Wewe unatazama ndani. Tazama vizuri, mama."

Akaondoka akiburuta ndala. Daktari alibaki ameusimamisha mkono wake vile vile ulivyoachwa. Hakukumbuka ni lini mtu aliushika.

Daktari wa figo alikuwa ameandika wazi anachokishuku. Upo ugonjwa ambao protini ya mwili hujikunja isivyotakiwa, ikagandamana ndani ya figo, moyo au ulimi kama ukoko unavyogandamana chini ya sufuria. Kwa hadubini ya kawaida ukoko huo hauna sura. Mtu huweza kuudhania kovu. Lakini ukitiwa rangi nyekundu maalumu, kisha ukatazamwa kati ya vichujio viwili vya nuru, vile ambavyo kimoja kikizungushwa kila kitu huzimika na kuwa cheusi, ukoko huo hukataa kuzimika. Hugeuka kijani, kijani cha tofaa bichi. Ubaya ni kwamba nyuzi za kawaida za mwili nazo hukataa kuzimika, ila zenyewe hung'aa nyeupe kama fedha. Na mtu mwenye haraka, au mwenye hamu kubwa ya kuona, huweza kuiita fedha hiyo kijani.

Kosa la upande wowote lilikuwa zito. Mshonaji akiambiwa anao naye hanao, angepewa dawa kali inayoweza kumwua bure. Akiambiwa hanao naye anao, angeruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya kupunguza maji, na ukoko ungeendelea kujijenga hata moyo ukashindwa kupiga. Daktari wa figo alisema kitanda cha mshonaji kinahitajika, kwa hiyo angesubiri jibu hadi Alhamisi adhuhuri tu.

Kipande kilipofika mezani, Daktari alikiweka chini ya hadubini, akazungusha kichujio, akatazama. Giza tupu. Hapa na pale fedha kidogo. Alikitoa, akakiinua mbele ya taa, na papo hapo akatambua kilichotokea. Akaenda kwenye chumba cha nta, ambamo nyama hugandishwa ndani ya nta ili ikatike vizuri, alikokuwa fundi wa kukata vipande, mtu mzima aliyeitwa na wote Kisu, na ambaye hakuwa na ubishi na jina hilo.

"Kisu, hiki ulimkatia nani?"

"Wewe, Mama Daktari. Tazama wembamba huo. Nikikohoa kinaruka."

"Kwa ile nyekundu tunakata unene gani?"

Kisu akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mashine. "Maradufu ya huo," akasema.

"Na wewe ukakata huu."

"Walikuwapo wanafunzi wa chuo, Mama. Walizunguka mashine kama harusi. Nikanogewa."

Hilo lilikuwa kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu asiyejua kazi. Mkataji mbovu angekata kinene kwa bahati mbaya na kuwa sahihi. Kisu, ambaye kwa miaka mingi alisifiwa kwa wembamba wa vipande vyake, alikikata kipande cha mshonaji karibu chote kwa ajili ya kusifiwa, vijikaratasi visivyoweza kushika rangi ya kutosha kuonekana. Ndani ya nta kilikuwa kimesalia kijisehemu ambacho hata kucha ya mtoto ingekishinda kwa ukubwa. Daktari hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba atakata mara moja, unene unaotakiwa, na kwamba hakuna cha pili. Kisu aliwafukuza watu wote chumbani, akazima feni, akakata. Alipokileta kipande hicho kikiwa kimekwisha kutiwa rangi, alikibeba kwa mikono yote miwili, naye hakutia neno lolote la mzaha.

Daktari alirudi gizani. Kwa kazi hiyo mtu haingii na kutazama hapo hapo; sharti aketi kwanza bila taa, mpaka macho yasahau jua. Aliketi. Kisha akatazama, akazungusha kichujio taratibu. Kando ya mshipa mmoja mdogo kijani kilipita, kama mtu anayechungulia mlangoni na kuondoka. Akazungusha tena. Fedha. Tena. Kijani, au kitu kilichofanana nacho.

Akawasha ile taa nyingine, taa kali ya buluu, ambayo chini yake rangi nyekundu haingoji kuangaziwa bali huwaka yenyewe kama kaa la moto. Ilikuwa nzuri kwa kutafuta: palipokuwa na ukoko mdogo usioonekana kwa njia nyingine, taa hiyo ilipafichua. Kandokando ya mshipa ule paliwaka rangi ya machungwa, ufito mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga. Lakini nyuzi fulani za mishipa nazo huweza kuwaka chini ya taa ile, na kwa hiyo mwako peke yake hautoshi. Ni lazima mahali pale pale panapowaka, pageuke kijani chini ya vichujio. Akarudisha vichujio. Kijani. Akapepesa macho. Fedha.

Alitoka nje akasimama ujiani, akijiuliza swali ambalo miaka kumi nyuma asingejiuliza. Je, alikiona kwa kuwa kipo, au kwa kuwa mwanamke mwenye ndala za kiume alimshika mkono? Mtu anayeitika jikoni kusiko na mtu, ana haki gani ya kuyaamini macho yake?

Sheria ya maabara haikumwachia nafasi: kijani hafifu hakitiwi sahihi na mtu mmoja. Kukipeleka kipande kwenye hospitali kuu kungechukua wiki kadhaa. Alijaribu kukipiga picha, na kamera ikakiosha kijani chote kikawa kijivu. Daktari wa figo alimpigia simu siku ya Jumanne, akamsihi ampe neno moja tu, ndiyo au hapana. Daktari akamjibu kwamba neno hilo si la mtu mmoja.

Kisu ndiye aliyelisema lile ambalo Daktari alikuwa akilizunguka kama mtu anavyolizunguka dimbwi.

"Jicho la pili lipo, Mama," akasema akiwa amempa kisogo, akijifanya anapanga vioo. "Liko nyuma ya karakana za maseremala. Sema tu kwamba mlango wenyewe ni mgumu."

Alikuwa akimsema wifi yake Daktari, dada mkubwa wa marehemu mumewe. Wifi alikuwa daktari wa kazi hiyo hiyo kabla yake. Ndiye aliyeihangaikia hadubini ile mpaka ikanunuliwa, na ingawa alikwisha kustaafu, bado alikuwa na kibali cha kutia sahihi. Zamani walikuwa chanda na pete. Waliketi mezani hapo, wifi na wifi, wakibishana juu ya rangi na kuchekana, na jioni wakaenda pamoja nyumbani kwa Daktari, ambako kaka mtu aliwangoja na kuwauliza kama leo wameacha nyama yoyote ya kupikwa. Kisha, wifi akiwa amekwisha kustaafu, kaka mtu akaugua ini. Alimwapisha mkewe asimwambie dada yake. Alisema dada yake atahamia na godoro na kuigeuza nyumba kuwa wodi. Daktari alitimiza kiapo. Wifi alipopata habari, ndugu yake alikuwa hawezi tena kusema, na siku ya mazishi alimwambia mjane mbele ya watu waliojaa uani: "Uliona, ukanyamaza." Tangu siku hiyo hakumwita wifi. Alipolazimika kumwita, alimwita Daktari, kama mtu anavyomwita karani wa dirishani.

Jumatano alasiri Daktari alipiga moyo konde, akaenda. Alipita kwenye karakana, vumbi la mbao likamshika mabegani. Wifi alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye sinia. Daktari alimwamkia kwa heshima anayostahili mkubwa. Akaitikiwa, lakini kiti hakikusogezwa.

"Umekuja kwa lipi, Daktari?"

"Nina kijani nisichokiamini."

Mikono ya wifi ikasimama ndani ya maharage. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya zamani, sauti ya kazini. Figo au moyo? Figo. Kimewaka chini ya buluu? Kimewaka. Unene?

"Kisu alianza na vyembamba. Kimebaki kipande kimoja kinene."

"Bado ana maonyesho yule," wifi akasema, na nusura atabasamu. Kisha uso ukajifunga tena. Akasema atakuja kesho asubuhi, atatazama, atatoka. Asichemshiwe chai.

Alikuja mapema, amevaa koti jeupe la zamani lililopigwa pasi hata likasimama lenyewe. Kisu alimpokea kwa kuinama nusu, naye akamwambia kwamba amenenepa kuliko vipande vyake. Kisha akaingia chumbani, akautoa mfuko wa plastiki kwenye kichwa cha pili, akaukunja mara nne, akaketi. Daktari alivuta pazia, akazima taa.

Wakakaa. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo: lazima macho yangoje. Gizani mle Daktari aliisikia pumzi ya mtu mwingine, kitu ambacho chumba kile hakikuwa nacho kwa muda mrefu, na harufu ya sabuni ile ile ambayo wifi alizoea kuitumia. Alitaka kusema neno, lolote, hata la hali ya hewa. Wifi naye hakumsaidia. Walikuwa kama abiria wawili wanaosubiri gari moja na wasiojuana.

Hatimaye Daktari aliwasha nuru ndogo ya hadubini na kupeleka mkono kwenye kitufe cha mshale, kile kimshale chepesi kinachoonekana na watazamaji wote wawili, ili amwonyeshe mahali.

"Uache mshale," wifi akasema. "Ukinionyesha, nitaona unachotaka nikione."

Daktari akautoa mkono. Wifi alizungusha kichujio mwenyewe. Kipande kilizimika, kikawaka fedha, kikazimika. Alikisogeza polepole kutoka ukingo hadi ukingo, na Daktari, macho yake yakiwa kwenye kichwa chake, aliona kila alichokiona mwenzake. Waliufikia mshipa ule. Wakaupita.

"Sioni kitu," wifi akasema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: Daktari alikuwa mwanamke wa peke yake aliyeanza kuona vitu. Na mshonaji angerudi nyumbani kwenye cherehani yake na kuitazama.

"Washa buluu," wifi akasema.

Akaiwasha. Wekundu wote ukaamka. Wifi alianza upya kutoka ukingoni, bila haraka, kama mtu anayechambua. Akasimama penye mwezi mchanga. Aliacha kipande pale pale, akaomba buluu izimwe, akaurudisha mwanga mdogo, na safari hii hakuzungusha kichujio mduara mzima. Alikitikisa tu kidogo, huku na huku, unywele mmoja upande huu na unywele mmoja upande ule, kama mama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.

Kisha kimshale kikajitokeza pembeni mwa duara. Daktari hakuwa amekigusa. Kilitambaa juu ya wekundu uliokuwa umezimika, kikapita fedha ya kwanza, kikapita ya pili, kikasimama kwenye ncha ya mwezi ule, mahali pale pale, wala si kando yake. Na chini ya mshale kijani kilisimama, chembamba, baridi, bila kuyumba.

"Huyu hapa," wifi akasema. "Amejificha, lakini ndiye."

Daktari alibaki ameinama juu ya hadubini ingawa hakuona tena chochote, kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa kwenye kioo. Alishukuru kwamba ni giza. Wifi hakuinuka. Akauliza, na sauti haikuwa ya kazini wala ya mazishini.

"Kipande cha kaka yangu kilisomwa na nani?"

"Na mimi. Kwenye meza hii."

"Jicho la pili lilikuwa la nani?"

"Hapakuwa na jicho la pili. Lile lilikuwa wazi mno, halikuhitaji."

"Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

Nje, ujiani, mtu alipita akisukuma kitoroli kilicholia gurudumu moja, kikafifia.

"Nilitaka uwe umeketi hapo ulipoketi," Daktari akasema. "Siku ile nilikitazama kiti hicho kuliko nilivyokitazama kipande."

"Kutaka kwako hakukunifikia," wifi akajibu.

Hakusema kwa ukali. Alilisema kama mtu anavyosoma majibu, na majibu hayabadiliki kwa kuwa msomaji ana huruma. Kisha akainuka, akapapasa ukutani kama mtu aijuaye nyumba, akawasha taa. Wote wawili wakafumba macho kwa ule mwanga. Walipoyafumbua hawakutazamana. Wifi alitia sahihi chini ya sahihi ya Daktari, mwandiko ule ule uliosimama wima, akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

Mlangoni aligeuka nusu.

"Ukipata kingine chenye wasiwasi, mtume Kisu aniite."

"Nitakuja mwenyewe," Daktari akasema.

"Mtume Kisu," wifi akarudia. "Nitakuja kwa ajili ya kazi."

"Nitamtuma."

Pazia likarudi mahali pake. Daktari alichukua simu ya mezani, akampigia daktari wa figo wodini. Adhuhuri ilikuwa haijafika. Wakati simu ikiita, ukutani upande wa chumba cha nta ilisikika sauti ya Kisu akieleza jambo, na punde wifi akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, kinachoanzia chini na kupanda kama maji yanayochemka, kilichozoea kuijaza sebule ya Daktari jioni baada ya kazi. Daktari alikisikiliza hadi mwisho, akasikia hatua zikienda zake, mlango mkubwa ukafungwa.

"Daktari? Upo?" sauti ya simuni ikauliza, na ilionekana si mara yake ya kwanza kuuliza. "Mgonjwa amekwisha kufunga mzigo, anangoja niseme neno."

"Mwambie aufungue mzigo," akasema. "Ugonjwa upo. Tumeutazama wawili. Mwanzishieni dawa leo."